Bweni Lililongoja Mkasi

Matroni Happy alikuwa matroni wa bweni ambalo hakuna mtoto aliyewahi kulala ndani yake. Kila asubuhi alivaa sare yake mpya, akafagia baraza, akafuta vioo kwa upande wa nje, kisha akabandika uso dirishani kuangalia kama vitanda bado vipo. Vilikuwepo. Magodoro yalikuwa bado yamevaa nailoni zake za dukani, na vyoo vya watoto wenye viti mwendo, vyenye vyuma vya kushikilia ukutani, viling'aa kwa kukosa kazi. Akishamaliza, Happy alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akaendelea kuwafumia sweta watoto ambao walikuwa bado hawajaruhusiwa kuingia.

Bweni lilikuwa limekamilika tangu kabla ya mvua. Mvua zilikuja zikaisha, baridi ya Juni ikaingia, na kufuli likawa palepale mlangoni. Sababu ilikuwa moja tu, na kila mtu pale Lukwambe aliitaja kwa sauti ya kawaida kabisa, utadhani ni sababu ya maana: bweni halijazinduliwa. Hajapatikana mgeni rasmi wa kukata utepe.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Naitwa Mwanakhamisi, nauza vitenge Mbeya mjini, na ukoo wetu ulipanda milima hii kutoka pwani tangu enzi za babu, ukabaki na maneno mengi na subira kidogo. Lakini siku ninayotaka kuisimulia niliamka na hasira nzuri, ile inayokaa jirani na furaha, ambayo ukiwa nayo unatembea upesi na unawasalimia hata usiowapenda. Maana siku hiyo mgeni rasmi alikuwa anakuja.

Binti yangu Nusrat alizaliwa na mgongo wazi. Alipasuliwa akiwa mchanga, kidonda kikapona, lakini miguu haikuamka, na kibofu chake hakimpi taarifa. Kila baada ya saa chache lazima mkojo utolewe kwa mpira mwembamba, mikono ikiwa safi na mahali pakiwa safi, la sivyo anapata maambukizi na figo zinaingia hatarini. Nayasema haya kwa ruhusa yake. Ana miaka tisa, mpira siku hizi anautumia mwenyewe, na aliniambia niyaseme waziwazi, kwa sababu watu wakishajua wataacha kuuliza kwa macho.

Mbeya tulizunguka shule mpaka tukachoka. Kila mwalimu mkuu alimpenda Nusrat, na kila mmoja alinionyesha ngazi. Ndipo tukasikia habari za Lukwambe, kijiji kilichopo kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, ambako halmashauri ilikuwa imeanzisha kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu na kujenga bweni, na zahanati ipo ng'ambo tu ya uwanja wa mpira. Nilimwachia mume wangu Makame duka, nikapanga chumba kule chini kijijini, nikahamia na mtoto. Nilimwambia Makame ni kwa muda mfupi, mpaka bweni lifunguliwe.

Muda mfupi ukanenepa. Nilikuwa namsukuma Nusrat asubuhi kupanda kilima, kisha nakaa chini ya dirisha la darasa lake nikingoja. Wakati wake ukifika namwingiza stoo ya shule, katikati ya majembe na magunia ya mahindi, maana ndiko tulikopewa mahali pa kutumia mpira. Nilikuwa nadeki, namwaga dawa, natandika kanga safi, lakini stoo ni stoo. Mwezi wa tatu homa ikampanda, tukalazwa Iringa mjini, nikawa nalala sakafuni chini ya kitanda chake nikiyafikiria yale magodoro yenye nailoni. Alipopona alirudi darasani, na jambo la kwanza alilofanya ni kudai apewe mitihani aliyoikosa.

Makame si mtu mbaya. Ila duka la vitenge linataka mtu anayejua kushawishi, na yeye anauza kama anayetoa ushahidi mahakamani. Duka lilikuwa linakufa mikononi mwake. Alinipigia simu akasema amechoka, na kwamba uzinduzi huu nao ukiahirishwa, turudi Mbeya wote wawili, Nusrat akae nyumbani, Mungu atajua. Nilimkubalia. Nusrat alikuwa pembeni anasikia. Aligeuza kiti chake akakaa anaangalia ukuta.

Kwa hiyo wenzetu walikuwa wanangoja sherehe, sisi tulikuwa tunangoja hukumu. Ama mwanangu analala bwenini siku ile na anaendelea kusoma, ama tunapanda basi pamoja na shule inaishia hapo.

Ufunguo wa lile kufuli alikuwa nao mtendaji wa kata, Bwana Clement Kalinga, kwenye mfuko wa shati, na mfuko ameufunga kifungo. Nilikuwa nimeshamwendea mara nyingi kuliko nilivyokwenda sokoni. Nilimkumbusha aliyotuambia bibi wa ustawi wa jamii kwenye mkutano wa wazazi, kwamba mahali pa kulala, matibabu na masomo ya mtoto kama wangu ni jukumu la serikali, siyo hisani ya mtu. Nikamwuliza ni jukumu gani hilo linalofungwa kwa kufuli.

Clement hakunifukuza. Alinisimulia kilichompata. Kwenye kata aliyokuwa zamani tenki la maji lilikamilika, wananchi wakaanza kuchota kabla ya uzinduzi, na mkubwa alipokuja akakuta foleni ya ndoo na matope hadi kwenye zulia alilotandikiwa. Mkubwa alikasirika, akasema ameitwa kuzindua kitu kilichokwisha zeeka. Wiki iliyofuata Clement alihamishwa.

"Mama Nusrat, mimi sikupingi," aliniambia. "Lakini mpaka utepe ukatwe, ule mlango ni wa mgeni."

Mgeni wa kwanza alituvunjia ahadi kwa kuitwa Dodoma. Wa pili alifika mpaka njia panda, akapigiwa simu, msafara ukageuza. Siku hiyo tulikula wali wa mgeni huku tumenuna, na ulikuwa mtamu, jambo lililonikera zaidi.

Basi safari hii kijiji kizima kiliamka kimechangamka. Maturubai yakasimamishwa, spika zikapimwa mpaka kuku wakahama. Mwalimu Apolonia, mkuu wa kitengo, mama mrefu wa Kihehe asiyejua kukaa chini, alikuwa amewapigia simu wazazi wa watoto waliokuwa wanangoja makwao, waje na masanduku kabisa. Wakaja. Mmoja alitoka Rujewa na gunia la mchele wa mabondeni kwao kwa ajili ya karamu. Isakwisa, mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Chunya, alishuka kwenye basi na mwanawe Danieli mgongoni, magongo ya Danieli yamefungwa juu ya tranka, vumbi la Chunya bado limo kwenye nyusi. Alimwuliza kila aliyekutana naye kama hapa ndipo, na kila aliyemjibu ndiyo alimshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea kutoka shimoni.

Watoto walijipanga mbele ya bweni na masanduku yao, wanaonyeshana sabuni mpya na miswaki. Nusrat aliwazungukia kwenye kiti chake akiwaeleza kitanda kipi kina dirisha linaloangalia barabara. Alikuwa anavijua vyote, kwa kuwa alikuwa amechungulia na matroni miezi yote ile. Nami kwa furaha nikasaidia kukatakata vitunguu vya watu.

Kisha Clement akatoka na utepe. Aliufunga mlangoni, juu ya mteremko wa saruji wa kupitishia viti mwendo, na akafanya kazi hiyo kwa uangalifu wa mtu anayefunga kidonda. Mgeni alikuwa mama mwenye cheo kikubwa mkoani, na habari zilisema ni mrefu, hivyo Mwalimu Apolonia akaitwa asimame kama mfano, utepe ukapimwa kwenye kifua chake. Mpiga picha alishauri ushushwe kidogo. Clement alikataa katakata.

"Mgeni rasmi hainamishwi," alisema.

Akafungua kufuli, akaacha milango wazi ili mgeni akishakata apite moja kwa moja, akaweka mkasi kwenye sinia lenye kitambaa cheupe. Nusrat aliuangalia ule utepe, akaangalia kiti chake, akacheka peke yake. Nilimwuliza anacheka nini, akasema hamna kitu.

Tukangoja. Kwaya iliimba nyimbo zake zote ikaanza upya. Watoto walipewa biskuti. Jua lilipita juu ya bati la bweni likaanza kuelekea upande wa pili, na simu ya Clement ikaita. Aliipokea nyuma ya turubai. Aliporudi sikuhitaji kumwuliza, kwa sababu alikuwa anatembea polepole na mkono ameuweka juu ya mfuko wa ufunguo.

Alichukua kipaza sauti akasema mgeni amezuiwa na shughuli nyingine upande wa pili wa wilaya, na kwamba ofisi imeshauri tujiandae kwa tarehe mpya. Aliwaomba radhi wazazi. Alisema chakula kitagawiwa, na milango itafungwa kwa usalama wa mali.

Isakwisa akasimama.

"Mtendaji," alisema, "huyu mtoto nimembeba kutoka Chunya. Unaniambia nimbebe tena?"

Clement alitazama chini. Mimi nilikuwa tayari naliona basi la Mbeya, namwona Nusrat kwenye kiti cha dirishani, naona nyumba yetu na yeye amekaa sebuleni mwaka hadi mwaka akiangalia watoto wa jirani wanapita na sare. Na hapohapo Nusrat akanivuta kitenge.

"Mama, muda wangu umepita."

Kwa zile shamrashamra nilikuwa nimesahau kabisa. Nikakimbilia stoo, nikakuta kreti za soda zimepangwa hadi darini na wapishi wamejaa na masufuria. Vyoo vya shule vina ngazi. Chumba chetu kiko chini ya kilima, mbali. Nilirudi nikamkuta mtoto ametokwa jasho kwenye paji la uso, na jasho lile nalifahamu, ndilo lililotupeleka hospitali. Nikamwendea Clement nikamwomba amruhusu aingie chooni tu, choo kilichojengwa kwa ajili yake, mlango uko wazi, ni hatua chache. Nilimwomba kwa adabu. Mashahidi wapo.

Alikuwa ameukamata ufunguo. Alisema akimruhusu mmoja, utepe utakuwa umekatwa, na atakuwa ameukata yeye.

Hapo hasira yangu nzuri ikaisha, ikabaki ile nyingine. Niligeuka nikaenda kwenye sinia nikautwaa mkasi. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mwalimu Apolonia aliniita jina langu. Nilikuwa nimeshafika mwanzo wa mteremko, mkasi umefunguka mkononi, nilipomsikia mwanangu nyuma yangu.

"Mama, rudisha mkasi. Watamhamisha tena Bwana Clement."

Alinipita, mfuko wenye mpira wake uko mapajani. Alisukuma magurudumu yake kwa mikono yake miwili akapanda ule mteremko, na alipofika kwenye utepe aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeingia msikitini, akapita chini. Utepe uligusa ushungi wake ukatikisika, ukatulia. Akatokomea ndani. Kisha tukasikia sauti yake kutoka huko, yenye mwangwi wa nyumba tupu.

"Matroni, maji yanatoka. Njoo na sabuni."

Happy aliangusha sweta na sindano zake. Aliinama, akapita chini, akaingia bwenini kwake kwa mara ya kwanza.

Sijui nani alianza kupiga vigelegele, huenda ni mimi. Danieli aliyalaza magongo yake chini, akayasukuma mbele, akapita akitambaa. Nyuma yake akaja mtoto mwingine wa kiti mwendo, halafu mwingine, halafu mtoto asiyeona ameshikwa mkono na mwenzake anayemwambia inama, inama, haya nyanyuka. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kujikunja sana. Utepe ulikuwa umepimwa kifuani kwa mama mrefu, na waliojengewa nyumba walikuwa wafupi. Masanduku yakafuata. Tranka la Danieli lilikwama kwenye kizingiti, na Isakwisa, mtu wa mashimo, alilala kifudifudi akaingia akilisukuma kwa kichwa na mabega huku anacheka, na vumbi la Chunya likabaki kwenye sakafu ya serikali.

Clement alipanda mteremko taratibu. Niliona anaushika utepe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kidole kwa kidole.

"Haujakatika," alisema.

"Haujakatika," nilimjibu, nikarudisha mkasi kwenye sinia.

Nilikuwa nimeanza kumpenda kidogo, na simu yake ikaita tena. Safari hii hakwenda nyuma ya turubai. Alisikiliza hapohapo, macho yakamtoka. Mgeni alikuwa amemaliza shughuli yake mapema, ameamua kupita, na msafara uko karibu kufika. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia watoto watolewe haraka na magodoro yarudishiwe nailoni. Clement alikwenda dirishani kuangalia. Nilikwenda naye. Nusrat alikuwa ameshamaliza, amenawa uso, amekaa kwenye kitanda cha dirisha la barabarani, na alikuwa anaichana nailoni ya godoro kwa meno.

Nilimwambia Clement kama ni kuwatoa, aingie awatoe yeye kwa mikono yake. Alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi. Kisha aliurudisha ufunguo mfukoni.

"Waacheni," alimwambia mwenyekiti. "Nikihamishwa, basi nihamishiwe karibu na Kihesa, pale Iringa mjini. Mke wangu ana mama mgonjwa huko."

Magari yakaingia yakipiga honi. Mgeni alishuka, mama mrefu kweli, amejitanda kitenge cha thamani ambacho nilikitambua kwa jicho la biashara, na kilemba kikubwa kilichomwongezea urefu. Clement hakungoja aulizwe. Alimsimulia yote pale garini, kwamba watoto wamo ndani na kwamba utepe upo salama. Mgeni alimsikiliza hadi mwisho. Alitembea moja kwa moja mpaka mlangoni, na msichana aliyebeba sinia la mkasi akimfuata mbio.

Nusrat alikuwa amekaa kwenye kiti chake ndani ya mlango, nyuma ya utepe.

"Shikamoo," alisema. "Karibu ndani. Ila uvue viatu, matroni amepiga deki."

Mshereheshaji alijiziba mdomo. Mgeni aliitikia marahaba, akamwuliza nani amewafungulia.

"Hatujafungua. Tumepita chini. Utepe wako huu hapa."

Mgeni akageuka akamwuliza Clement jengo limekamilika lini. Clement akasema kabla ya mvua. Akauliza watoto wamekuwa wakikaa wapi tangu kabla ya mvua, na maofisa wakatazamana. Nikasema mimi. Nilikuwa na maneno ya miezi mingi, nilikuwa nimeyapanga usiku na mchana, na yote yakanikimbia isipokuwa machache.

"Wengine makwao. Wangu stooni, kwenye majembe na mahindi. Akaugua, tukalazwa."

Nikaanza kulia mbele za watu, kitu nisichokipenda. Mgeni aliniangalia. Aliuangalia mkasi, akauangalia utepe uliopimwa ili asiiname. Kisha akavua viatu vyake vya kisigino akaviacha kwenye saruji, akashika kilemba kwa mkono mmoja, akainama. Hakuinama vya kutosha. Kilemba kilinasa kwenye utepe kikaenda upande, akabaki amepinda pale mlangoni, hawezi kwenda mbele wala kurudi, na wakubwa wote walioandamana naye wakawa hawajui waangalie wapi. Nusrat ndiye aliyecheka wa kwanza. Mgeni naye akacheka, na uwanja mzima ukapasuka.

Alikaa ndani kuliko walivyopanga. Alishika vile vyuma vya chooni akavitikisa kuona kama vimekaza. Alifungua bomba. Alimwuliza Happy ameajiriwa lini, na Happy akamwonyesha rundo la sweta. Akamwuliza Nusrat anatumiaje mpira peke yake, na Nusrat akamweleza bila aibu, kioo kiko wapi, sabuni iko wapi, kama mwalimu. Alipotaka kutoka alisimama mlangoni akajishika kiuno, akasema mgongo wake hauwezi kuinama mara ya pili, aletewe mkasi. Akaukata utepe kwa ndani, watoto wamemzunguka. Picha hiyo ipo, Clement ameitundika ofisini kwake mpaka leo, na ofisi yenyewe ni ileile ya Lukwambe. Mgeni rasmi miguu mitupu, kilemba upande.

Hotuba yake ilikuwa fupi. Alisema ameona aibu, na kwamba nyumba ya mtoto isimngoje mtu mzima, na jengo jingine la watoto likikamilika lifunguliwe siku hiyohiyo, yeye ataitwa baadaye kunywa chai. Sijui kama wote waliosikia watafuata. Ninachojua ni nilichokiona, kwamba kabla ya kupanda gari alimwomba Clement lile kufuli, akaliweka kwenye mkoba wake akaondoka nalo.

Basi la mwisho la Mbeya lilikuwa linakaribia. Niliingia kuaga. Nilikuwa bado napaa kwa furaha, nimekumbatiana na watu nisiowajua, nimecheza na Isakwisa mbele ya spika. Nilimkuta Nusrat anapanga nguo kwenye kabati lake la chini, lile analolifikia mwenyewe. Nikaanza kumkunjia ushungi, akanipokonya. Nikamkumbusha mambo ya mpira, akanikumbusha kwamba ni yeye aliyenikumbusha mimi leo.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nakipigania. Miezi yote ile niliwaza mlango utafunguka, yeye ataingia. Sikuwahi kuwaza sehemu inayofuata, kwamba mimi nitatoka. Tangu azaliwe sijawahi kulala mahali asipolala. Mikono yangu ilikuwa haijui pa kukaa, nikaishia kunyoosha shuka lililokuwa limenyooka.

"Mama, nenda," alisema. "Gari litakuacha, halafu baba auze vitenge kwa hasara."

Nilimbusu, nikageuka kabla hajaniona vizuri. Nilipofika mlangoni niliinama, nikapita nimejikunja hadi nje kwenye mteremko, na utepe ulikuwa umeshakatwa zamani. Nilimsikia akicheka nyuma yangu, yeye na Danieli na wengine wote.

Nikiwa kituoni nilimpigia Makame. Nilimwambia nakuja peke yangu. Akauliza kama amelia sana.

"Nani," nilimwuliza, "mimi au yeye?"